Mizani ya juhudi na mapumziko katika uendeshaji wa baiskeli kwa kikundi

Mizani ya juhudi na mapumziko katika uendeshaji wa baiskeli kwa kikundi ni namna ambavyo watu wanaosafiri au kufanya mazoezi ya baiskeli pamoja hugawana kazi ya kukata upepo, hupanga mwendo na huupa mwili nafasi ya kurejesha nguvu, njiani na baada ya safari. Suala hili linawahusu wanamichezo wa mashindano, lakini pia wanafunzi, watalii na wafanyabiashara wanaobeba mizigo kwa baiskeli.

Kwenye barabara tambarare kikundi humsaidia kila mmoja, kwa sababu kazi kubwa ya mwendeshaji huko ni kuishinda hewa, na anayekaa nyuma ya mwenzake hukingwa. Kwenye milima msaada huo karibu hutoweka. Kazi kubwa huwa ni kuinua uzito, na hakuna anayeweza kumwinulia mwenzake uzito wake. Kwa hiyo kikundi kinachotumia mpango mmoja kwa tambarare na kwa milima huwachosha wanachama wake dhaifu kwanza, na mara nyingi huwaacha nyuma mahali pabaya zaidi pa kuachwa.

Makala hii inatumia mfano wa kata ya Nkunga na maeneo jirani ya Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, kusini magharibi mwa Tanzania, ambako tambarare na milima hukutana katika safari ya siku moja.

## Mazingira ya Nkunga na Rungwe

Nkunga ni kata mojawapo ya Wilaya ya Rungwe, ambayo makao makuu yake ni mji wa Tukuyu. Wilaya hiyo ipo kwenye miteremko ya milima ya volkeno. Mlima Rungwe wenyewe una kimo cha karibu mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu ipo kwenye takriban mita 1,500.

Barabara kuu ya lami inayotoka Uyole, nje kidogo ya Jiji la Mbeya, hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 katika eneo la Isongole, kisha hushuka kupitia Kiwira hadi Tukuyu. Kutoka Tukuyu huendelea kushuka hadi kwenye tambarare za Kyela na mpaka wa Malawi huko Kasumulu. Ziwa Nyasa, lililo karibu na Kyela, lipo chini ya mita 500. Hivyo anayetoka Kyela kwenda Tukuyu hupanda takriban mita 1,000, na anayeendelea hadi Isongole huongeza mita nyingine zaidi ya 500.

Rungwe ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi Tanzania, hasa kati ya Novemba na Mei. Miezi ya Juni hadi Agosti huwa na baridi, na ukungu hutokea mara kwa mara sehemu za juu. Barabara kuu hutumiwa na malori ya mizigo yanayokwenda na kutoka Malawi. Barabara nyingi za vijijini ni za udongo, ambao huteleza ukilowa. Hali hizi zote huathiri mahali ambapo kikundi kinaweza kuongeza mwendo, kusimama au kupumzika.

## Ukinzani wa hewa kwenye tambarare

Mwendesha baiskeli hushindana na nguvu tatu kuu: ukinzani wa hewa, msuguano wa matairi na barabara, na mvutano wa dunia pale anapopanda. Ukinzani wa hewa hukua haraka sana kadiri mwendo unavyoongezeka. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya hewa inayomrudisha nyuma huongezeka mara nne, na kazi anayohitaji kufanya kila sekunde ili kuishinda hewa hiyo huongezeka mara nane.

Hesabu ya kukadiria inaonyesha jambo hili. Mtu na baiskeli yake wakiwa na uzito wa jumla wa kilo 80, wakienda kilomita 30 kwa saa kwenye lami tambarare bila upepo, huhitaji takriban wati 160. Karibu asilimia 80 ya nguvu hiyo hutumika kusukuma hewa.

Mtu anayefuata gurudumu la mwenzake kwa karibu huingia kwenye hewa iliyokwisha kusukumwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990 na McCole na wenzake, waendeshaji waliokaa nyuma ya mtu mmoja walipunguza matumizi ya oksijeni kwa wastani wa asilimia 18 walipokwenda kilomita 32 kwa saa, na asilimia 27 walipokwenda kilomita 40 kwa saa. Waliokaa nyuma ya kundi la watu wanane kwa kilomita 40 kwa saa walipunguza kwa asilimia 39. Mwaka 2018 Bert Blocken na wenzake walichunguza kundi kubwa la waendeshaji 121, ambalo kwa lugha ya mchezo huu huitwa pelotoni. Waligundua kwamba katikati ya kundi kama hilo ukinzani wa hewa unaweza kushuka hadi asilimia 5 hadi 10 ya ule anaokutana nao mtu aliye peke yake.

Faida hiyo hugawanywa kwa zamu. Tuseme watu wanne wanakwenda kilomita 30 kwa saa kwenye tambarare za Kyela. Aliye mbele hutumia wati 160, na kila aliye nyuma hutumia takriban wati 120. Kila mmoja akikaa mbele kwa dakika 2 kisha akapumzika nyuma kwa dakika 6, wastani wake ni wati 130. Kikundi kizima huenda kwa mwendo wa wati 160 huku kila mmoja akilipa wati 130 tu. Mapumziko katika mfano huu hayahitaji kusimama, kwa kuwa yamo ndani ya mwendo wenyewe.

## Mabadiliko kwenye mlima

Mtu yuleyule wa kilo 80 akianza kupanda mwinuko wa asilimia 6 kwa kilomita 10 kwa saa, huhitaji takriban wati 145. Kati ya hizo, takriban wati 130 huinua uzito, takriban wati 11 hushinda msuguano wa matairi, na takriban wati 4 tu hushinda hewa. Akikaa nyuma ya mwenzake na kupunguza ukinzani wa hewa kwa theluthi moja, atakuwa ameokoa wati 1 hivi. Kiasi hicho hakisikiki miguuni.

Hapa ndipo vikundi vingi huharibikiwa. Kutoka kwenye tambarare watu wamezoea kwamba usalama wao upo kwenye gurudumu la aliye mbele, na kwamba kuachwa ni kupoteza kinga ya upepo. Wanapofika mlimani huendelea kung'ang'ania gurudumu hilo, ingawa halina tena faida kubwa. Kwa mtu anayeweza kutoa wati 240 kwa saa nzima, mwendo wa wati 145 ni mwepesi, na huendelea kuzungumza. Kwa mtu wa uzito uleule ambaye uwezo wake ni wati 140, mwendo huo umevuka mpaka wake, hata kama wote wawili wanaonekana kwenda sawa.

Mwinuko nao huchangia. Kuanzia takriban mita 1,500, uwezo wa juu wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa wastani wa karibu asilimia 1 kwa kila mita 100 zinazoongezeka. Mgeni aliyetoka Dar es Salaam, hata akiwa na mazoezi mazuri, huhisi pumzi fupi Isongole kuliko mwenyeji aliyezaliwa na kukulia Rungwe. Kikundi chenye wageni na wenyeji kinapaswa kulihesabu hilo kabla ya kuondoka.

## Kizingiti cha juhudi na akiba ya mwili

Kila mtu ana kiwango cha juhudi anachoweza kukihimili kwa muda mrefu bila mwili kuvurugika. Wanasayansi wa michezo hukiita kizingiti. Chini ya kizingiti, oksijeni inayoingia hutosheleza mahitaji ya misuli kwa uthabiti. Juu yake, mwendeshaji hutumia akiba ndogo ambayo huisha ndani ya dakika chache. Akiba hiyo hurudi pale anapoteremka chini ya kizingiti, na hurudi haraka zaidi kadiri anavyozidi kupunguza juhudi.

Kwa sababu hiyo, safari mbili zenye wastani sawa wa mwendo zinaweza kuchosha kwa viwango tofauti kabisa. Anayepanda kwa juhudi moja ya wastani hufika akiwa na akiba. Anayeongeza mwendo kwa pupa, akalegea, kisha akaongeza tena ili kuwafikia wenzake, huvuka kizingiti mara nyingi na kufika akiwa amekwisha, ingawa saa inaonyesha muda uleule.

Walio mwisho wa kundi refu hupata mizunguko hii bila kuitaka. Aliye mbele akipunguza mwendo kwenye kona, wote hujibana. Akiongeza tena baada ya kona, wa mwisho hubaki na pengo ambalo lazima alizibe kwa kukaza miguu. Barabara ya Kiwira hadi Tukuyu ina kona nyingi, hivyo nafasi ya mwisho, inayodhaniwa kuwa ya kupumzikia, inaweza kuwa ngumu kuliko ya katikati. Njia ya kupunguza tatizo hili ni aliye mbele kutoka kwenye kona polepole, na kuhesabu watu wake kabla ya kurudisha mwendo.

## Kupima juhudi bila vifaa

Baadhi ya waendeshaji hutumia vifaa vya kupima mapigo ya moyo au nguvu ya miguu. Vifaa hivyo ni ghali na si vya lazima. Njia rahisi zaidi ni kipimo cha mazungumzo:

- Juhudi nyepesi: mtu huzungumza sentensi nzima bila kukatika, na anaweza kuendelea kwa saa kadhaa.
- Juhudi ya kati: mtu huzungumza sentensi fupi, kisha huvuta pumzi.
- Juhudi kubwa: mtu hutoa neno moja au mawili tu, na huwezi kumtarajia aendelee hivyo kwa muda mrefu.

Kwa kikundi, kipimo hiki kina faida ya ziada, kwa sababu aliye mbele anaweza kumpima aliye nyuma kwa kumwuliza swali. Jibu la neno moja kutoka kwa mtu ambaye kwa kawaida huzungumza sana ni ishara ya kupunguza mwendo. Ukimya wa ghafla wa kikundi kizima mwanzoni mwa mlima nao ni taarifa.

Njia nyingine ni kipimo cha uchovu unaohisiwa, kilichoanzishwa na mwanasaikolojia wa Sweden Gunnar Borg. Mtu hujipa alama kati ya 6, ambapo hafanyi juhudi yoyote, na 20, ambapo hawezi kuongeza tena. Kikundi kinaweza kukubaliana kwamba katika kilima fulani hakuna atakayezidi alama 14, kila mtu kwa hesabu ya mwili wake.

## Kupanga safari ya kikundi

### Kwenye tambarare

Zamu za mbele hugawanywa kwa uwezo, wala hazilazimiki kuwa sawa kwa wote. Mwenye nguvu anaweza kukaa mbele dakika 4 na aliye dhaifu sekunde 30, au asikae kabisa. Anayemaliza zamu hasubiri mpaka achoke kabisa, kwa kuwa atahitaji nguvu kidogo ya kushika mkia wa kundi linapompita. Anayepokea zamu hadumishi sifa zake kwa kuongeza mwendo. Kazi yake ni kuendeleza mwendo aliokabidhiwa.

Kukaa karibu na gurudumu la mbele kunahitaji mazoezi na kuaminiana. Aliye mbele huonyesha mashimo na vizuizi kwa mkono au kwa sauti, na hafungi breki ghafla. Kwenye barabara yenye malori, kundi huenda kwa mstari mmoja, na wanaotaka kubadilishana nafasi hungoja sehemu inayoonekana mbali.

### Kwenye kupanda

Utaratibu unaofaa milimani ni kila mtu kupanda kwa mwendo wake na kikundi kukutana tena mahali palipokubaliwa. Mahali hapo pawe pana nafasi nje ya barabara, kama vile kituo cha mabasi, sokoni au kwenye kibanda cha chai. Kilele chenye upepo na baridi si mahali pazuri pa kungojea.

Kuna kosa moja ambalo hurudiwa na vikundi vingi. Wenye nguvu hufika kwanza, hupumzika dakika 10, na mara tu wa mwisho anapofika huondoka. Matokeo yake ni kwamba anayehitaji mapumziko zaidi ndiye anayepata machache, na pengo hukua katika kila kilima. Muda wa mapumziko uanze kuhesabiwa pale anapofika mtu wa mwisho.

Ni vizuri pia mtu mmoja mwenye uzoefu akubali kubaki mwisho muda wote. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba hakuna aliyeachwa peke yake akiwa na pancha, cheni iliyokatika au mwili ulioishiwa.

### Kwenye kushuka

Kushuka huonekana kama mapumziko, na kwa moyo na mapafu ndivyo ilivyo. Kwa mikono, shingo na macho ni kazi. Mtu aliyechoka mlimani huanza mteremko akiwa na umakini mdogo na vidole vilivyopoa, na hapo ndipo kasi inapokuwa kubwa kuliko wakati wowote. Kwa hiyo mapumziko ya dakika chache, kinywaji na nguo ya kuzuia upepo kabla ya kushuka ni sehemu ya usalama.

Breki zinazobana ukingo wa gurudumu hupata joto kwenye mteremko mrefu, na hushika kwa shida zikilowa. Inashauriwa kubana na kuachia badala ya kubana mfululizo, na kuanza kufunga mapema wakati wa mvua. Umbali kati ya baiskeli na baiskeli uwe mkubwa kuliko ule wa tambarare. Kasi kubwa ni hatari hata kwa mahiri: Suleiman Kangangi wa Kenya, nahodha wa Timu Amani na mmoja wa waendeshaji waliojulikana zaidi Afrika Mashariki, alifariki tarehe 27 Agosti 2022 baada ya kuanguka akiwa katika kasi kubwa kwenye mashindano huko Vermont, Marekani.

## Chakula na maji njiani

Misuli hutumia wanga uliohifadhiwa mwilini kama glikojeni. Mtu mzima huwa na akiba ya takriban gramu 400 hadi 500, inayoweza kupungua sana baada ya saa mbili au zaidi za juhudi kubwa. Ikiisha, mwendo huanguka ghafla. Mtu huhisi kizunguzungu, kutetemeka na hasira, na hakuna ari inayoweza kuziba pengo hilo isipokuwa chakula.

Kupanda mita 1,000 kutoka Kyela hadi Tukuyu kwa mtu na baiskeli wenye kilo 80 kunahitaji takriban kilokalori 800 kwa ajili ya kuinua uzito pekee. Msuguano wa matairi na umbali wote huongeza juu yake. Kwa safari inayozidi saa moja na nusu, ushauri wa kawaida ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Ndizi mbivu moja ya wastani ina takriban gramu 25, hivyo ndizi mbili kwa saa zinatosha kuanzia. Rungwe ina ndizi nyingi, na viazi vya kuchemsha vyenye chumvi au chai yenye sukari hufanya kazi hiyohiyo. Chakula kiliwe kabla ya njaa, na kwenye tambarare au kituoni, kwa kuwa ni vigumu kumeza mtu anapohema.

Maji hunywewa kwa kufuata kiu. Baridi ya Rungwe huwadanganya baadhi ya waendeshaji wakasahau kunywa, ilhali joto la Kyela huwafanya wapoteze jasho jingi. Kunywa maji mengi kupita kiasi bila chumvi yoyote katika safari ndefu nako kuna hatari, kwa sababu hupunguza sodiamu katika damu.

## Kurejesha nguvu baada ya safari

Mazoezi yenyewe huuchosha mwili. Kuimarika hutokea baadaye, mtu anapokula, anapolala na anapopumzika. Bila hayo, safari ngumu ya pili huanza pale ilipoishia ile ya kwanza.

Glikojeni iliyotumika hurudi ndani ya takriban saa 24 ikiwa mtu atakula wanga wa kutosha. Ikiwa kuna safari nyingine kesho yake, ni vizuri kuanza kula mapema baada ya kufika. Ugali, wali, ndizi za kupika na viazi hurejesha wanga. Maharage, mayai, maziwa, samaki na dagaa huleta protini ya kutengeneza misuli. Maumivu ya misuli yanayotokea kati ya saa 24 na 72 baada ya kazi isiyozoeleka ni ya kawaida na hupungua yenyewe. Hayasababishwi na asidi laktiki, kama inavyodhaniwa mara nyingi, kwa kuwa laktiki huondoka kwenye damu ndani ya saa moja au mbili hivi baada ya mazoezi.

Usingizi ndio tiba kubwa kuliko zote, na hakuna chakula wala dawa inayochukua nafasi yake.

## Ratiba ya wiki

Kosa la kawaida la vikundi vya mazoezi ni kuifanya kila safari kuwa mashindano. Siku ambayo ilipangwa kuwa nyepesi huanza vizuri. Kisha mmoja huongeza mwendo kidogo, wa pili hakubali kuachwa, na baada ya nusu saa wote wako juu ya kizingiti. Mwisho wa wiki hakuna aliyepumzika vya kutosha, na siku iliyopangwa kuwa ngumu hakuna mwenye nguvu za kuifanya ipasavyo.

Tafiti za mwanasayansi Stephen Seiler juu ya wanamichezo wa uvumilivu zimeonyesha kwamba wengi wa viwango vya juu hufanya takriban asilimia 80 ya vipindi vyao kwa juhudi nyepesi na asilimia 20 tu kwa juhudi kubwa. Wakimbiaji wa Iten na Kaptagat nchini Kenya, ambao hufanya mazoezi kwa makundi, wanajulikana kwa siku nyepesi zenye mwendo ambao hata mgeni anaweza kuufuata.

Kwa kikundi cha watu wenye kazi na masomo, ratiba inayowezekana ni siku moja ngumu na siku moja ya safari ndefu ya polepole, zikitenganishwa na angalau siku moja ya kupumzika au ya mwendo mwepesi. Siku nyepesi ikubaliwe hadharani kabla ya kuondoka, na mtu mmoja apewe mamlaka ya kuwazuia wanaotangulia.

## Wanaobeba mizigo

Kwa watu wengi wa Afrika Mashariki baiskeli ni chombo cha kazi. Mfanyabiashara anayepakia ndizi, parachichi au viazi vya kilo 40 kwenye baiskeli huongeza uzito wa jumla kutoka kilo 80 hadi 120. Akitoa zile wati 145 kwenye mwinuko wa asilimia 6, mwendo wake hushuka chini ya kilomita 7 kwa saa. Kwa baiskeli isiyo na gia, mwendo huo hulazimisha pedali kuzunguka polepole mno kwa nguvu kubwa, na usawa hupotea. Ndiyo maana wabeba mizigo wengi hushuka na kusukuma. Kusukuma kwa mwendo wa kutembea humpa mtu nafasi ya kubaki chini ya kizingiti chake, na huyalinda magoti.

Wabeba mizigo wanaosafiri pamoja husaidiana kwa namna tofauti na wanamichezo. Kinga ya upepo haina maana kwao mlimani, lakini mikono ya mtu wa pili ina maana kubwa. Wawili wanaweza kusukuma baiskeli moja hadi juu, kisha wakarudi kuchukua ya pili. Katika mteremko, mzigo huongeza umbali wa kusimama, kwa hiyo wenye mizigo mizito huacha nafasi kubwa zaidi mbele yao.

Tatizo lao kubwa ni mapumziko. Mwanamichezo akipumzika siku moja hupoteza zoezi, lakini mbeba mizigo hupoteza kipato cha siku hiyo. Njia iliyo wazi kwake ni kupunguza mzigo siku inayofuata safari ngumu, kuanza alfajiri kabla ya jua, na kula kabla ya mlima badala ya kungoja auze kwanza.

## Mfano wa mashindano ya Kigali

Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, Rwanda, mwezi Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika barani Afrika. Kigali, kama Tukuyu, ipo kwenye takriban mita 1,500 na imejaa vilima. Mbio za wanaume za tarehe 28 Septemba zilikuwa na urefu wa kilomita 267.5 na jumla ya kupanda inayozidi mita 5,000.

Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda baada ya kwenda peke yake kilomita takriban 66 za mwisho. Kati ya waendeshaji zaidi ya 160 walioanza, ni 30 tu waliomaliza. Kwenye njia tambarare, mtu mmoja aliye mbele hukimbizwa kwa urahisi na kundi linalopokezana zamu. Kwenye vilima vya Kigali kundi halikuwa na faida ya kutosha, na waliovuka vizingiti vyao mara nyingi mapema waliishiwa kabla ya mwisho.

## Dalili za kuchoka kupita kiasi

Uchovu wa kawaida huisha baada ya siku moja au mbili. Dalili zifuatazo zikidumu kwa wiki kadhaa huashiria kwamba mwili haupati mapumziko ya kutosha:

- mapigo ya moyo ya asubuhi, kabla ya kuamka kitandani, kuwa juu kuliko kawaida ya mtu huyo;
- usingizi mbaya licha ya uchovu;
- mafua yanayojirudia;
- kukosa hamu ya chakula au ya kupanda baiskeli;
- mwendo kushuka ingawa juhudi inaongezeka.

Dawa ya kwanza ni kupunguza safari, hasa zile ngumu, kwa siku kadhaa au zaidi. Homa haitibiwi kwa kuendelea na mazoezi. Katika maeneo yenye malaria, kama tambarare za Kyela, mtu mwenye homa anapaswa kupimwa. Maumivu ya kifua, kuzimia au pumzi isiyorudi baada ya kupumzika ni sababu za kusimama mara moja na kwenda kituo cha afya.

Kwa kuwa anayechoka mara nyingi huwa wa mwisho kukiri, wenzake ndio huziona dalili hizi kwanza. Kikundi kinachojua mwendo wa kawaida wa kila mwanachama wake kinaweza kumpunguzia zamu, kumsubiri kituoni au kumshauri abaki nyumbani kabla hajaumia.